Mwaka Niliokatazwa Kupiga

Kriketi ilinifikia kwa sababu ya upungufu wa watu. Naanza na jambo hili kwa kuwa wengi wakisikia kwamba mjukuu wa mkulima wa mpunga wa Bagamoyo alicheza mchezo huo, miaka ile ya mwanzoni mwa hamsini, hudhani nilifundishwa shuleni au nilikuwa mtumishi wa Mzungu fulani. Sivyo. Wahindi wa mjini petu walikuwa na timu yao tangu zamani, lakini biashara ilikuwa imekwisha kuhamia Dar es Salaam, na kila mwaka nyumba moja au mbili za mtaa wa madukani zilifungwa milango, wenyewe wakapakia masanduku kwenye lori wakaenda zao. Timu inataka watu kumi na mmoja. Idadi hiyo hawakuifikia tena. Ndipo wakaanza kutazama nje ya jamaa zao: wakamchukua karani mmoja wa forodha, wakamchukua mwalimu mmoja Mgoa, na mwisho wakanichukua mimi.

Mimi walinipata juu ya dungu.

Mama yangu alikuwa ameolewa Lugoba, nami nikalelewa na bibi, mama yake mama. Bibi alikuwa na shamba la mpunga katika bonde la Ruvu, na kazi yangu tangu nilipopata nguvu za mkono ilikuwa kuamia ndege. Ndege wa mpunga huja makundi kwa makundi, alfajiri na tena alasiri jua likianza kupoa, na wakiachiwa kwa muda wa kunywa chai wanaweza kuacha makapi matupu. Kwa hiyo tulijenga dungu, jukwaa la miti lenye paa la makuti, na mwamiaji alishinda juu yake akipiga kelele na kurusha vidonge vya udongo kwa kombeo. Kombeo letu lilisukwa kwa kamba za makumbi. Unaweka kidonge katikati, unalizungusha juu ya kichwa, unaachia ncha moja. Udongo unakwenda mbali kuliko mkono mtupu unavyoweza.

Siku moja mfanyabiashara wa mtaa wa madukani, aliyekuwa akinunua mpunga kwa bibi kila mavuno, alikuja kutazama mazao yanaendeleaje. Alizaliwa Bagamoyo, babake alizaliwa Bagamoyo, na Kiswahili chake kilikuwa cha pale pale. Alikuwa pia kepteni wa timu, jambo ambalo mimi sikulijua wala lisingenishughulisha. Alisimama chini ya dungu langu muda mrefu, koti begani, akinitazama mimi na si mpunga.

"Wewe kijana," akaniita. "Zungusha tena."

Nikazungusha.

"Kiwiko hakikunjwi," akasema, kama mtu anayejisemea. "Hata kidogo."

Baadaye nilielewa. Katika kriketi mrushaji haruhusiwi kukunja na kunyosha kiwiko wakati wa kurusha; lazima mkono uzunguke ukiwa umenyooka. Vijana wengi huchukua miezi kuliacha lile zoea la kutupa kama mtu anayetupa jiwe. Mimi kombeo lilikuwa limekwisha kunifundisha. Jumapili iliyofuata nilikuwa uwanjani, peku, nikirusha mpira mwekundu mgumu juu ya jamvi refu la makumbi walilolitandika juu ya mchanga ili mpira udunde vizuri.

Kwa asiyeujua mchezo, yatosha kusema hivi. Mrushaji mmoja anajaribu kuviangusha vijiti vitatu vilivyosimikwa ardhini. Mpigaji anavilinda kwa gongo bapa la mti, na akiupiga mpira mbali, yeye na mwenzake wa upande wa pili wanabadilishana nafasi mbio, na kila mbio ni hesabu yao. Wakishatolewa, upande mwingine unaingia kupiga. Kila mtu hupata zamu ya kupiga, hata mrushaji, hata kama anakuja wa mwisho.

Na hapo ndipo matata yetu yalipozaliwa, maana nilipopewa gongo mara ya kwanza, nilisahau kila kitu kingine.

Nieleze kwa nini. Kwetu, mpunga ukishakatwa, huwekwa kwenye majamvi ukapurwa kwa fimbo. Watu husimama duara, fimbo zinapanda na kushuka kwa mwendo mmoja, na nyimbo za kupura zina maneno ambayo siku nyingine hayasemwi mbele ya wakubwa. Ni kazi, lakini ina raha ya harusi. Sasa, katika ukoo wetu aliyeamia ndege msimu huo haruhusiwi kupura. Huketishwa kwenye mkeka, huletewa maji, na ndiye anayeonjeshwa kwanza pepeta, yaani ule mchele mchanga unaokaangwa na kutwangwa ukawa bapa kabla mavuno hayajafika. Ni heshima. Lakini mimi niliyekuwa mwamiaji mwaka baada ya mwaka niliketi pale kama bwana harusi asiyeruhusiwa kusimama, nikiwatazama wenzangu wakipiga na kucheka. Sikuwahi kuishika fimbo ya kupuria.

Basi siku hiyo uwanjani mpira ulikuja, nikaupiga, ukapaa ukapita ukuta wa msikiti mdogo uliokuwa ng'ambo ya barabara. Nikasikia kitu kutoka mikononi hadi kifuani ambacho kurusha hakujanipa hata leo.

Mjomba wangu alikuwapo. Alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikaa kwenye baraza ya duka la kepteni, kwa hiyo habari za timu alizijua kabla ya wenye timu. Aliruka, akavua kofia, akaitupa juu.

"Mmeona?" akawauliza watu ambao wote walikuwa wameona. "Anarusha, na anapiga! Mtu mmoja, kazi mbili! Dar es Salaam wanaye wa namna hii? Hawana!"

Wageni wa Dar es Salaam walikuwa wanatazamiwa. Timu yao ilikuwa ije kucheza nasi mwezi ule, na baadhi yao walikuwa ndugu wa wale wale waliofunga maduka wakahama. Kepteni hakuwa mtu wa kelele, lakini nilijua alivyoitaka mechi hiyo. Waliohama walikuwa wamewaandikia waliobaki, kwa mzaha wa ndugu, wakiuliza kama Bagamoyo bado kuna watu wa kucheza nao au walete wachezaji wa pande zote mbili.

Tukafanya mchezo wa kujipima, wenyewe kwa wenyewe. Nikarusha sehemu kubwa ya asubuhi, kisha nikapiga mpaka jua likawa utosini. Sikutaka kutoka. Kila niliporudi kukaa, mjomba alinisukuma tena, "Mpe tena gongo, bado ana nguvu." Nilikuwa nazo, kweli.

Alfajiri yake nilipanda dungu, nikaweka kidonge kwenye kombeo, nikainua mkono. Haukuinuka. Ulifika usawa wa kifua ukakoma, na maumivu yakashuka kutoka begani kama maji ya moto. Nikajaribu mkono wa kushoto. Kidonge kikaanguka miguuni pangu. Ndege walikuwa wamekwisha tua.

Bibi alisikia ukimya. Ndivyo alivyosema baadaye: kilichomwamsha ni kutosikia sauti ya kombeo. Alikuja kutoka kibandani kwetu na debe tupu mkononi, akaligonga kwa mwiko, akikimbia huku na huku kwenye tope, kanga imefungwa kiunoni. Alifukuza alichoweza. Lakini pembe moja ya shamba, ile ya upande wa mto, ililiwa yote. Mashuke yalibaki yamesimama, mepesi, hayana kitu ndani.

Hakunigombeza. Alilishika bega langu, akalibonyeza, nikapiga ukelele.

"Mume wangu," akasema, maana ndivyo bibi wa kwetu wanavyowaita wajukuu wao wa kiume kwa utani, "ulifanya nini jana?"

Nikamweleza. Akanikanda kwa chumvi iliyopashwa moto ndani ya kitambaa, akanifunga, akamwomba jirani aamie badala yangu siku chache. Kisha akajitanda kanga safi, akachukua mwavuli wake, akaniambia tuondoke. Tulikwenda mjini.

Kepteni alikuwa dukani, mjomba yuko barazani anashona shati.

"Hodi hapa."

"Karibu, karibu, Bi Mkubwa. Sabalkheri."

"Aheri. Nimekuja kwa ajili ya bega."

Kepteni akatoa kiti. Bibi hakukaa. Mjomba akasimamisha cherehani.

"Huyu," bibi akasema akinionyesha kwa mwavuli, "kwangu ananitunzia mpunga. Kwako anarusha. Sijakataa, mkono ni ule ule na kazi ni ile ile. Lakini nasikia tena unampa gongo apige. Mtu mmoja arushe, na huyo huyo apige?"

"Ndio mchezo wenyewe, Bi Mkubwa. Kila mtu hupiga."

"Kwetu aliyeamia hapuri."

"Mama," mjomba akaingilia, "haya si mambo ya mpunga. Huu ni mchezo wa watu waliostaarabika."

"Wewe nyamaza, usijidunge sindano."

Wateja wawili waliokuwa wakichagua kanga wakacheka. Mjomba akaangalia kidole chake.

Bibi akasimulia habari ambayo hata mimi sikuwa nimeisikia. Alikuwa na kaka yake, mwamiaji hodari, na mwaka mmoja mavuno yalikuwa mengi na watu wachache, wakamwomba apure pia. Akapura. Alikuwa kijana, akasema anaweza, na kweli aliweza, msimu ule. Baada ya hapo bega lake halikurudi. "Aliishi mpaka uzeeni," bibi akasema, "na akisali, akitaka kuinua mikono kwa takbira, ule mmoja ulifika hapa." Akagusa kifua chake. Palepale ambapo wangu ulikuwa umekomea. "Mavuno yale tuliyala tukayamaliza. Mkono haukurudi."

Kepteni alinitazama bega lililofungwa. Niliona usoni mwake mtu anayepiga hesabu asiyoipenda.

"Tumwulize mwenyewe," mjomba akasema kwa upole zaidi. "Ni kijana mkubwa sasa. Anataka nini?"

"Mtoto ukimwuliza anataka halua au tende atakwambia vyote," bibi akasema. "Tumekuja hapa kuulizana sisi wakubwa."

Na mimi nilikuwa nataka vyote. Lakini kama wangenilazimisha kuchagua kimoja, ningechagua gongo, na kepteni alilijua hilo, na alijua pia kwamba timu ilikuwa na wapigaji wa kutosha na mrushaji hodari mmoja tu.

"Atarusha," kepteni akasema mwishowe. "Hatapiga. Na kurusha kwenyewe, akichoka nitampumzisha."

"Hata wakikuzidi?"

"Hata wakinizidi, Bi Mkubwa."

"Neno lako?"

"Neno langu."

Hapo ndipo bibi alipokaa, akakubali chai.

Bega lilipona kabla wageni hawajafika. Walikuja na lori, wamevaa suruali nyeupe zilizopigwa pasi, na mkutano wao na ndugu zao ulikuwa wa kukumbatiana na kukejeliana. Bibi naye alikuja. Hakuwa amewahi kukanyaga uwanja ule. Alitandika mkeka wake pembeni, akafungua mwavuli, akakaa kama mtu anayesimamia kazi ya vibarua.

Wageni walipiga kwanza. Sitajisifu, ila walionisaidia kukumbuka habari hizi wanakubaliana kwamba siku ile nilirusha vizuri kuliko siku nyingine yoyote. Kepteni alikuwa akinipa zamu fupi, kisha ananiambia, "Kapumzike, tikisa mkono," na hata nilipokuwa katika mwendo mzuri kabisa, nikiwa nimetoka kuangusha vijiti mara mbili karibu karibu, alininyang'anya mpira akampa karani wa forodha. Mjomba alishika kichwa. Kepteni hakumtazama. Wageni walitolewa wote kwa hesabu ndogo, tukajua tunaweza kushinda.

Kisha tukaingia sisi kupiga, na mmoja mmoja wakaanza kutoka. Mwalimu Mgoa alitoka mapema. Karani akatoka. Kepteni peke yake alisimama upande mmoja kama mlingoti, wenzake wakija na kuondoka, akiongeza hesabu kidogo kidogo mpaka tukafika mahali ambapo mbio zilizobaki zilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Hapo wa tisa akatolewa.

Katika mchezo huo mpigaji hawezi kubaki peke yake. Lazima awe na mwenzake upande wa pili. Mwenzake aliyebaki alikuwa mimi.

Uwanja mzima ukanigeukia. Mtu, sijui nani, alinifunga vikinga miguuni. Gongo likawa mkononi mwangu.

"Aingie!" mjomba alipaaza sauti. "Asimame tu! Asipige! Kepteni atapiga mwenyewe, yeye akimbie tu! Mama, kukimbia si kupura!"

Ilikuwa hoja nzuri. Bado naiona ni nzuri. Nilikuwa nimekwisha piga hatua kuingia uwanjani, na moyoni nilijua kwamba mpira wa kwanza ukija upande wangu, sitasimama tu. Nitapiga kwa nguvu zangu zote, niuone ukivuka ule ukuta wa msikiti.

Nadhani kepteni alijua hivyo hivyo. Alinitazama kutoka kwenye jamvi, jasho linamtiririka, akamtazama bibi chini ya mwavuli wake. Bibi hakutikisa kichwa. Alikuwa akingoja kuona, basi.

Kepteni akavua glavu, moja, kisha nyingine. Akaliweka gongo lake kwapani, akamwendea mkubwa wa wageni, ambaye alikuwa binamu yake, akampa mkono. Mechi ikawa imekwisha. Tulishindwa.

Wageni wakashangilia, na mjomba akaketi chini mchangani akasema, "Ametuua. Katuua mchana kweupe."

Bibi aliuliza mtu wa karibu, "Imekwisha? Nani kashinda?" Alipojibiwa, akasema, "Haya," akafunga mwavuli.

Usiku ule nilikuwa na hasira na kila mtu. Alfajiri nilipanda dungu, ndege wakaja kama wingu, nikainua mkono. Ulipanda mpaka juu, mwepesi, bila maumivu yoyote. Nikazungusha, nikaachia, wakaruka wote. Nikaendelea mpaka jua likatoka. Sikumbuki hasira ile iliniacha saa ngapi. Nakumbuka kwamba nilipoitwa kunywa chai sikuwa nayo.

Siku chache baadaye mpunga ulifikia kiasi cha pepeta. Bibi alikaanga, akatwanga, akapepeta, akachanganya na nazi iliyokunwa na sukari kidogo. Nikaketi kwenye mkeka kama desturi, nikanyosha mkono kupokea konzi ya kwanza. Akanipiga kofi mkononi.

"Ngoja, mume wangu. Mwaka huu hukuamia peke yako."

Akaweka pepeta kwenye sahani, akaifunika kwa kawa, tukashika njia ya mjini. Mtaa wa madukani ulikuwa kimya. Tangu mechi ile wengine walikuwa hawajamsamehe kepteni, na nilisikia kwamba binamu yake alimwandikia tena barua ya mzaha. Bibi alipiga hodi, akaweka sahani juu ya meza ya duka, katikati ya vitambaa, akafunua kawa.

"Konzi ya kwanza ni ya mwamiaji," akamwambia. "Wewe uliliamia bega. Kula."

Kepteni aliijua desturi ile. Alikuwa amenunua mpunga wetu miaka mingi. Alinawa mikono kwenye beseni, akachota, akala akiwa amesimama. Akachota tena. Ndipo akanisogezea sahani.

Mjomba alikuwa akituangalia kutoka kwenye cherehani. "Na mimi niliyepiga kelele mpaka sauti ikakauka, sipati?"

"Utapata," bibi akasema. "Kelele unazijua. Na huyu nimemwona anavyolitazama lile gongo. Mwakani yeye atapiga, hatarusha. Dungu utapanda wewe."

Mjomba alicheka, akidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Mwaka uliofuata kepteni alipata mrushaji mwingine, kijana wa Mlingotini, si hodari sana. Mimi nilipiga msimu mzima, na mavuno yalipofika nikashika fimbo, nikasimama kwenye duara na wenzangu, nikapura mpunga kwa mara ya kwanza maishani, nikijifunza maneno ya nyimbo nikiwa nimechelewa. Mjomba aliketi kwenye mkeka, ameletewa maji, konzi yake ya kwanza ya pepeta alikwisha kuitafuna, sauti imemkauka kweli safari hii. Kila fimbo zilipopanda alinyosha shingo.

"Na mimi nipige kidogo," akamwambia bibi. "Kidogo tu."

"Kaa," bibi akasema.